Kuvu ya Mahindi na Sumu Yake: Maneno kwa Walimaji wa Kilwa

Wewe uliye mtu wa Kilwa wajua kazi ya kuanika chisense. Ukiwatandaza vizuri na jua likiwa kali, baada ya siku moja au mbili wamekauka, na samaki hao waweza kusafiri mpaka Lubumbashi wasiharibike. Lakini mvua ikiwapata kabla hawajakauka, au ukiwarundika wakiwa bado na maji, kesho yake watanuka, na hakuna atakayewanunua. Habari ya mahindi ni ile ile, ila kwa jambo moja. Samaki mbovu hunuka, na pua yako hukuonya. Mahindi yenye sumu ya kuvu mara nyingi hayanuki, wala hayana uchungu mdomoni, na unga wake waweza kuwa mweupe kama unga mwingine wowote. Kwa hiyo yafaa uijue sumu hii kwa akili, maana kwa ulimi hutaijua.

Kwanza tuseme kuvu ni kitu gani. Kuvu si uchafu uliomwagika juu ya mahindi, ni kitu chenye uhai, tena ni ndugu wa uyoga ule unaookotwa porini wakati wa mvua. Uyoga hutoa mbegu zake kama vumbi jembamba. Kuvu nayo hutoa vumbi lake, dogo hata jicho haliwezi kuona chembe moja. Vumbi hilo limo katika udongo wa shamba, katika mabua ya mwaka jana, katika pembe za ghala, na katika gunia la zamani lisilokung'utwa. Hatuwezi kulimaliza. Lakini vumbi hilo likianguka juu ya punje kavu hulala tu, halifanyi neno. Likianguka juu ya punje yenye maji, na hewa ikiwa na joto, huamka na kuota na kuanza kula punje ile kabla yako.

Namna za kuvu ni nyingi. Moja ina rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, na wenye elimu huiita Aspergillus flavus. Hiyo ndiyo hasa ninayotaka kukueleza. Inapokula mahindi au karanga yaweza kutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Jina la sumu limetoka katika jina la kuvu yenyewe. Watu walikula sumu hii miaka mingi sana bila kuijua. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza katika muda wa miezi michache. Ugonjwa wao haukuwa na jina, wala haukuambukizwa kutoka ndege mmoja hata mwingine. Waganga wa wanyama walipofuatilia chakula chao, wakakuta wote wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yameshikwa na kuvu.

Labda utasema: Hao ni ndege wa Ulaya, sisi yatuhusu nini? Sikiliza basi habari ya watu.

Katika Kenya, upande wa mashariki wa Nairobi, iko nchi ya Wakamba, yenye mvua chache. Watu wake hula mahindi kila siku kama sisi tulavyo bukari. Mwaka 1981 katika Machakos watu 20 waliugua macho ya manjano na kuvimba tumbo, na 12 wakafa. Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona jambo la ajabu kabla ya hapo: njiwa walikuwa wakifa, na mbwa pia. Wanyama walikuwa wametangulia kula mahindi yale yale.

Mwaka 2004 msiba ulirudi katika nchi ile ile, ukiwa mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa mwaka huo mvua ilinyesha wakati usio wake, mahindi yakiwa tayari kuvunwa. Njaa ilikuwa karibu, na kila mtu aliogopa mwizi. Basi watu wengi wakavuna mahindi yakiwa na maji, wakayaingiza ndani ya nyumba walimolala, wakayarundika sakafuni, wakafunga mlango. Mwizi hakuingia. Lakini humo ndani hapakuwa na jua wala upepo. Kulikuwa na joto la watu na maji ya mahindi, na kuvu ikapata kila kitu inachopenda. Mpaka kufika mwezi wa saba, watu 317 walikuwa wameandikwa kuwa wameugua, na 125 wamekufa, wengi wao watu wa Makueni na Kitui.

Waganga hawakutosheka kuhesabu wafu. Walitwaa mahindi katika nyumba za wagonjwa, na mengine katika nyumba za jirani ambao hawakuugua, wakayapima yote. Hapa inafaa nikueleze kipimo, kwa sababu sumu hii haipimwi kwa kijiko. Twaa gramu moja, yaani uzito wa chumvi kidogo unaoshika kwa ncha za vidole. Ikate vipande milioni moja. Kipande kimoja huitwa makrogramu. Sheria ya Kenya wakati ule ilisema kilo moja ya mahindi isizidi makrogramu 20 za sumu hii. Hesabu mwenyewe: gramu moja tu ya sumu yatosha kufikisha mpaka huo katika magunia 500 ya kilo 100. Basi katika nyumba za wagonjwa mahindi yalikuwa na wastani wa makrogramu 354 katika kila kilo. Kwa jirani wasiougua yalikuwa 44. Ona kwamba hata hao waliokuwa wazima walikuwa wanakula kupita mpaka.

Tena walikwenda sokoni, wakapima mahindi na unga wa wauzaji. Zaidi ya nusu ya vitu walivyopima vilipita mpaka wa sheria, maana walimaji waliovuna vibaya hawakula yote, waliuza sehemu. Mtu aliyenunua hakujua shamba lilikuwa la nani wala nyumba ilikuwa na unyevu gani.

Msiba wa namna hii haukukoma pale. Mwaka 2016 katika Tanzania, katika Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Na mwaka 2024 ulifika ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka huo Zambia ilipatwa na ukame mkali. Mhindi ukikosa maji shambani hudhoofika, wadudu huutoboa, na kuvu huingia katika majeraha hata kabla ya mavuno. Katika mwezi wa nane mbwa wapata 400 walikufa kwa kula unga wa mahindi, na waziri wa afya wa nchi ile akatangaza kwamba katika viwanda 25 vya unga vilivyopimwa, karibu nusu vilionekana kuwa na sumu hii kwa kiasi cha kuhatarisha. Unga ule ulitolewa madukani. Sisi watu wa Kilwa twajua jinsi mtumbwi na mashua zinavyokwenda na kurudi kati yetu na Nchelenge. Ziwa ni njia, halizuii kitu. Sisemi unga wa ng'ambo ni mbaya kuliko wetu. Nasema kuvu haina nchi.

Sasa sumu hii hufanya nini mwilini? Hushika ini. Mtu akila nyingi kwa muda mfupi, chakula humchukiza, hutapika, tumbo huuma, kisha macho na ngozi huwa manjano, tumbo na miguu huvimba, na pengine hufa katika majuma machache. Watoto hufa upesi kuliko watu wazima. Lakini mara nyingi mtu hali nyingi. Hula kidogo leo na kidogo kesho, mwaka baada ya mwaka, wala haoni kitu. Huyo naye hadhuriki kidogo, maana sumu hii huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu aliye na ugonjwa wa ini uitwao hepatitisi B, ambao uko kwa watu wengi katika Afrika. Tena waganga wameona katika nchi nyingi kwamba watoto wanaokula sumu hii nyingi huwa wafupi na dhaifu kuliko wenzao, nao huanza kuipata siku ya uji wao wa kwanza. Ng'ombe na mbuzi wakila mahindi mabaya, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yao. Na mama anyonyeshaye ni vivyo hivyo.

Labda mama utauliza: Moto wa bukari hauui sumu? Hauui. Moto huua kuvu yenyewe, hilo ni kweli, lakini sumu si kitu chenye uhai hata kiuawe. Kuvu ni kama nyoka aliyekwisha kuuma akaenda zake: ukimchinja baadaye, sumu imebaki katika mguu. Maji yanayochemka yana joto la digrii 100, na sumu hii huhitaji joto la digrii zaidi ya 200 ili iharibike, hapo bukari yako ingekuwa mkaa. Kuchoma karanga hupunguza sumu kidogo, hakuimalizi. Kuchachusha hakuimalizi pia, kwa hiyo munkoyo na pombe ya mahindi yaliyooza hubaki na sumu, na machicha yake ukimpa nguruwe unampa sumu.

Liko jambo moja linalosaidia kweli, nalo akina mama walilijua zamani kwa ajili ya weupe wa unga: kukoboa. Sumu nyingi hukaa katika ganda la punje na katika kiini chake kidogo. Mahindi yakitwangwa kinuni na pumba zikapepetwa, sumu hupungua sana. Haiishi, lakini hupungua. Basi jiulize pumba zile zinakwenda wapi. Zikienda kwa kuku wako, wao ndio wanaokula sehemu iliyo mbaya zaidi.

Nalichukia neno lile la "mahindi ya kuku". Mtu huona gunia limeshika kuvu, husema: Haya si ya watu, tuwape kuku. Kisha vifaranga hufa, na kuku wazima hawatagi, naye hulaumu kideri. Kumbuka batamzinga wa Uingereza. Walikuwa ndege, na chakula chao kilionekana kuwa chakula cha ndege tu.

Sasa tuje kwenye kazi, maana kuvu huzuiwa kwa kazi. Dawa ya kutoa sumu katika unga nyumbani haiko.

Nchi yetu ya Katanga ina bahati moja. Mahindi yaliyopandwa mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hukomaa mvua inapokwisha, na kiangazi kikaja na jua lake na upepo wake. Mwenye subira huvuna wakati mwema. Lakini wako wanaovuna mwezi wa tatu, mvua ingali inanyesha, kwa sababu chakula kimekwisha nyumbani au kwa sababu bei ni nzuri. Mahindi mabichi ya kuchemsha na kuchoma hayana neno, yaliwe siku ile ile. Lakini yakiwa ya kuwekwa, mpaka yakomae. Utajuaje? Pukuchua punje moja, utazame pale iliposhikana na gunzi. Ukikuta doa jeusi, imekomaa. Hata hivyo bado ina maji mengi, yapata theluthi ya uzito wake, kwa hiyo usidhani kukomaa ni kukauka. Wala usiyaache shambani miezi miwili ukisema yatakauka yenyewe. Wadudu huyatoboa, mabua huanguka, na hindi lililolala juu ya udongo limelala juu ya kitanda cha kuvu.

Siku ya kuvuna usiyatupe chini. Menya maganda hapo hapo, utenge mahindi yaliyotobolewa, yaliyovunjika, na yenye rangi ya kijani au nyeusi au ya waridi. Kisha uyaanike juu ya turubai, au mkeka, au kichanja cha miti. Kichanja ni bora, maana upepo hupita juu na chini, nawe wakijua vizuri, kwa kuwa hutumika kwa samaki. Ukianika punje zilizopukuchuliwa, zisizidi unene wa vidole viwili, na uzigeuze mara nyingi mchana. Jioni zifunike au uzirudishe ndani, kwa sababu umande wa ziwani usiku mmoja hurudisha maji uliyoyatoa mchana kutwa. Katika kupukuchua, usitie mahindi ndani ya gunia na kulipiga kwa fimbo. Najua kazi huenda upesi. Lakini punje zilizopasuka ni milango iliyo wazi.

Wengi hupima ukavu kwa meno: punje kavu hulia na kuvunjika, yenye maji hubonyea. Ni vizuri, lakini meno hudanganya. Iko njia nyingine isiyo na gharama. Twaa chupa safi iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Twaa chumvi, uianike juani au uikaushe katika sufuria juu ya moto, kisha iache ipoe. Tia punje za mahindi katika chupa hata theluthi yake, tia na vijiko viwili vitatu vya chumvi hiyo, funga, utikise kwa muda, uiache kama robo saa. Chumvi ikishikamana na ukuta wa chupa, mahindi yako bado yana maji, yaanike tena. Chumvi ikianguka chini yote, maji yamepungua chini ya sehemu 15 katika 100. Hapo usikimbilie kutia ghalani, maana kwa kuweka muda mrefu yafaa yafike 13. Yape jua siku moja zaidi.

Kwa habari ya kuweka, wazee hawakukosea waliponing'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko: moshi na joto hukausha na kufukuza wadudu. Ghala lile la zamani linaloitwa kwa Kibemba ubutala nalo lina akili yake, maana limeinuliwa juu ya miguu na hewa hupita. Tazama tu paa lisivuje, na miguu uivike bati ili panya asipande, kwa kuwa panya na fukusi hutoboa punje na kuleta unyevu. Ukiweka magunia ndani ya nyumba, yasikae sakafuni wala yasiegemee ukutani. Weka mbao au miti chini yake, uache nafasi ya mkono mmoja kutoka ukuta. Siku hizi iko pia mifuko yenye matabaka ya plastiki ndani, ambayo ikifungwa vizuri hewa haiingii na fukusi hufa bila dawa. Ni mifuko mizuri. Lakini usiitie mahindi yenye maji ukitumaini mfuko utayakausha. Mfuko hushika ulichoutilia. Ukitia maji, utashika maji.

Neno moja kwa wenye mitumbwi. Gunia lililokauka vizuri shambani laweza kuharibika katika safari ya siku moja. Maji hukusanyika chini ya mashua, na wimbi la Mweru haliulizi mzigo ni wa nani. Weka miti chini ya magunia, funika juu, na gunia likilowa lifungue siku ile ile unapofika, ulianike. Usiliache lifungwe kwa sababu mwenyewe hajaja. Na mnunuzi naye asione haya kuingiza mkono mpaka katikati ya gunia: pakiwa na joto kuliko hewa ya nje, humo ndani iko kazi inayofanyika.

Kabla ya kusaga, chagua punje. Sumu haikai sawasawa katika gunia. Punje chache mbovu zaweza kubeba sehemu kubwa yake, na ukizitoa kwa mkono umetoa nyingi. Mtoto mwenye macho mazuri anaweza kazi hii katika ungo. Punje zikiingia katika mashine, zimekwisha kuchanganyika, wala hakuna awezaye kuzichagua tena. Ndiyo maana, mtu akiweza, ni afadhali anunue punje aone kwa macho yake, kisha akasage, kuliko kununua unga. Najua si kila nyumba inaweza, na mwezi wa pili wenye njaa watu hununua kinachopatikana. Basi wakati huo, changanya vyakula: leo bukari ya mahindi, kesho ya mihogo iliyokaushwa vizuri, na samaki na majani. Nyumba isiyokula mahindi asubuhi, mchana na jioni haipati sumu yote kutoka mahali pamoja. Karanga zichague kwa bidii ile ile, maana kuvu hii huzipenda sana. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, au yenye uchungu, itupe.

Ulichotenga usikirudishe kwa jirani kwa bei ya chini. Kizike katika shimo refu mbali na kisima, au ukichome huku umesimama upande upepo unakotoka, na umejifunga kitambaa puani.

Na ikiwa nyumbani mwako mtu amepata macho ya manjano na tumbo kuvimba, hasa wakiwa wawili au watatu waliokula chungu kimoja, au ikiwa umeona mbwa na kuku wanakufa baada ya kula unga wako, usingoje. Acheni chakula kile siku ile ile, na mgonjwa apelekwe hospitali. Chukua na konzi mbili za mahindi au unga ule, umwonyeshe mganga, umwambie yalitoka shamba gani au soko gani na siku gani. Yafunge katika karatasi au kitambaa. Usiyatie katika mfuko wa plastiki, maana yatatoa jasho njiani, na kuvu itaendelea kuota kabla hujafika.